Maktaba Moja ya Vipuri, Wasanifu Wengi

Watumiaji wa SolidWorks, programu ya kuchorea mashine, wanaijua ajabu hii. Msanifu anachora giaboksi, anafunga mfuniko wake kwa boliti za M6, kisha anamtumia mwenzake faili. Mwenzake akiifungua, boliti zimevimba: vichwa vimekuwa vikubwa kuliko mfuniko, na shina zimetoboa gia hadi upande wa pili. Wala hakuna aliyezigusa.

Chanzo chake kinaeleweka. Faili ya mashine haibebi boliti ndani yake. Hubeba anwani ya faili ya boliti pamoja na jina la kipimo kinachotakiwa. Maktaba ya boliti ya SolidWorks, iitwayo Toolbox, inaweza kuunda kila kipimo pale kinapohitajika kwa mara ya kwanza, kisha ikakihifadhi. Kompyuta ya kwanza ilishaunda kipimo cha M6. Ya pili ina maktaba yake, na kipimo hicho haijawahi kukiunda, hivyo programu huchukua kingine ilichokikuta, ambacho huenda ni kikubwa mno. Dawa ni kompyuta zote kusoma maktaba moja iliyowekwa kwenye seva.

Boliti iliyovimba walau inaonekana. Makosa yanayotia hasara zaidi hujificha. Boliti ya M10 iliyotengenezwa kwa kiwango cha DIN 933 hufunguliwa kwa spana namba 17. Ile ya ISO 4017, yenye nyuzi zile zile, hufunguliwa kwa namba 16. Kwenye bodi za elektroniki mtego ni mkubwa zaidi. Rezista inayoitwa 0603 kwa hesabu ya inchi ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8. Kwa hesabu ya milimita, jina hilo hilo la 0603 ni la kipande cha milimita 0.6 kwa 0.3, kidogo kama punje ya mchanga. Na transista za PN2222A na P2N2222A, ambazo majina yake yanatofautiana kwa tarakimu moja, zimepangwa miguu kinyume: palipo na emita kwa moja, kwa nyingine pana kolekta.

Wasanifu watano wakiwa na maktaba tano, kila mmoja atayatatua mafumbo haya kivyake, na mmoja wao atakosea. Bodi mia zitachapwa kwa kosa lake.

Mfano mzuri wa namna ya kuijenga maktaba ya pamoja unapatikana kwenye KiCad, programu huria ya kusanifu bodi za saketi. Iliasisiwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha ufundi cha Grenoble, Ufaransa. Mwaka 2013 CERN, taasisi ya utafiti wa nyuklia iliyo karibu na Geneva, ilianza kuchangia nguvu ya kuiendeleza. Katika KiCad kipuri kina sehemu tatu: alama inayochorwa kwenye mchoro wa saketi, ramani ya vituo vya shaba ambako miguu yake italehemiwa, na umbo lake la pande tatu. Zote tatu lazima zikubaliane, pini kwa pini.

Kuisimamisha seva yenyewe si kazi ngumu. Kompyuta ya mezani iliyozeeka, ikiwa na Linux na diski nzima, inatosha kwa ofisi ndogo. Jambo la kuangalia kwanza ni anwani. Folda ya pamoja ikiitwa Z kwenye kompyuta moja na X kwenye nyingine, viungo vyote vitakatika. Kwa hiyo itumike anwani yenye jina la seva, ambayo haibadiliki kutoka kompyuta moja hadi nyingine. KiCad hurahisisha zaidi: mradi unaweza kuhifadhi jina la njia tu, na kila kompyuta ikaeleza njia hiyo inaelekea wapi.

La pili ni ruhusa. Wote wasome, wachache waandike. Maktaba ya pamoja hueneza usahihi, lakini hueneza kosa kwa kasi ile ile, ndiyo maana inahitaji mlinzi. Maktaba rasmi za KiCad zinaendeshwa hivyo: yeyote duniani anaweza kuleta kipuri kipya, lakini hakiingii kabla wasimamizi hawajakikagua.

La tatu ni kumbukumbu ya mabadiliko. Hapa wengi hutumia Git, mfumo alioubuni Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko huandikwa nani kalifanya, lini na kwa sababu gani, na kila kompyuta hubaki na nakala kamili. Umeme ukikatika kwenye seva, mwenye laptopu anaendelea kufanya kazi. Zaidi ya hayo, tangu KiCad 6 mradi hujiwekea nakala ya alama ulizozitumia, kwa hiyo mchoro wa mwaka jana haubadiliki kimyakimya maktaba inaporekebishwa. Msanifu mwenyewe ndiye huamua kuusasisha.

Ofisi ikikua, folda hazitoshi tena. KiCad 7, iliyotoka mwaka 2023, ilianza kusoma vipuri kutoka kwenye hifadhidata, na KiCad 8 ya mwaka uliofuata ikaweza kuvichukua kupitia seva ya wavuti. Msanifu akichagua kapasita, anapata kwa pamoja alama, ramani, namba ya mtengenezaji, hata idadi iliyopo stoo ikiwa imeingizwa humo.

Lakini seva haitasaidia wasanifu wanaotumia matoleo tofauti ya programu. Faili iliyohifadhiwa kwa KiCad mpya haifunguki kwenye ya zamani. Airbus iliyaonja machungu ya aina hii ilipokuwa ikiunda ndege ya A380: wahandisi wa Hamburg walitumia toleo la nne la programu ya CATIA, wa Toulouse walikuwa kwenye la tano, na nyaya zilizoandaliwa Ujerumani hazikutosha ndani ya ndege zilipofika Ufaransa. Ndege moja ilikuwa na nyaya za kilomita 530 hivi. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, ikiwa imechelewa.

Chuo cha ufundi au karakana inayotaka kuanza isijaribu kuingiza vipuri elfu kwa wiki moja. Ichague ishirini inayovitumia kila siku, ilinganishe kila kimoja na karatasi ya mtengenezaji, ikipime kwa kalipa, kisha ndipo ikiweke kwenye seva. Na kabla ya yote, imteue mtu mmoja mwenye jina na wajibu wa kuilinda maktaba hiyo.