Mashine ya Presha Nyumbani: Namba Nzuri Si Ruhusa ya Kuacha Vidonge

Vifaa vya kupimia afya, ambavyo zamani vilionekana hospitalini tu, sasa vinauzwa katika maduka ya dawa, minadani na hata mitandaoni. Watoto wengi huwanunulia wazazi wao mashine ya presha, na hiyo ni zawadi njema. Kinachotia wasiwasi ni mzee anayepima asubuhi, akaona namba nzuri, akaweka vidonge kabatini. Namba hiyo ni nzuri kwa sababu vidonge vinafanya kazi. Akiviacha, presha hupanda tena kimyakimya, na huenda ishara ya kwanza ikawa kiharusi.

Upimaji wenyewe una utaratibu. Mpimwaji akae ametulia kwa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa nne, na mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo asivute sigara wala kunywa kahawa. Asizungumze wakati mashine inapima (hili ndilo gumu kuliko yote nyumbani penye wajukuu). Apime mara mbili, akipumzika dakika moja katikati, asubuhi na jioni, na kuandika kila namba katika daftari. Mashine za kufungwa juu ya kiwiko huaminika zaidi kuliko za kifundo cha mkono, na mkanda ulingane na unene wa mkono.

Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni sababu ya kumwona mtaalamu. Namba ikifika 180/120, tena kukawa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ganzi ya upande mmoja au ulimi kuwa mzito, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.

Wenye kisukari wakumbuke vile vitepe ambavyo wengi huviita stripu. Vikiachwa wazi, vikapata unyevu au joto, au muda wake ukapita, mashine itatoa namba, lakini ya uongo.

Hali hiyohiyo ya kuacha dawa hujitokeza kwa kipimo cha kujipima VVU, kilichoruhusiwa nchini kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Majibu yakionyesha maambukizi, ni lazima yathibitishwe kituoni. Na anayetumia dawa za kufubaza virusi asikitumie kutafuta kama amepona: kinaweza kuonyesha hana virusi, ilhali anavyo.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na udai risiti. Siku ya kliniki, beba mashine yako pamoja na daftari. Mhudumu atapima kwa mashine ya kituo na kwa yako, alinganishe, kisha yeye ndiye atakayeamua kama dawa ipunguzwe, iongezwe au ibaki ilivyo.