Chembe Sahani Zikipungua, Mtafute Mwizi

Wakati wa mlipuko wa dengi Dar es Salaam mwaka 2019, wagonjwa wengi walijifunza neno jipya kwenye majibu ya maabara: chembe sahani. Ndizo zinazoziba kidonda ili damu isimwagike. Mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 10,000, damu yaweza kutoka bila hata jeraha.

Mara nyingi upungufu huu ni moshi tu, moto uko kwingine. Malaria huziangusha, VVU pia, na dawa za saratani huzuia uboho usizitengeneze. Kichocho cha muda mrefu huharibu mishipa ya ini, bandama likavimba na kuzizuia humo. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo huweza kuziteketeza.

Lakini mashine ya kuhesabu chembe nayo hudanganyika! Katika chupa ya damu ya kizibo cha zambarau, chembe za baadhi ya watu hushikamana kwa sababu ya kemikali iliyomo, zikahesabiwa chache. Mtaalamu akitazama damu kwa hadubini huona mafungu hayo, na kipimo hurudiwa kwa chupa ya sitrati.

Kisha kuna kalamu. Daktari akiandika “chembe sahani chache” pekee, katika ainisho la kimataifa la magonjwa, toleo la 10, hiyo ni D69.6, yaani haijabainishwa. Akitaja kisababishi, huwa D69.5. Hivyo daktari anayemfuata hatalazimika kuanza uchunguzi upya.

Na kwa kuwa chembe sahani zake huenda zimepungua, mwenye homa asiyejua chanzo chake asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, maana huweza kuzidisha kutokwa na damu.