Gereza: Jina Lililotoka Kanisani

"Tutaanzia gerezani," alisema mwenye mashua, na mgeni aliyekaa mbele yangu akageuka kumtazama vizuri. Lakini ndivyo safari ilivyo. Ukitoka gati la Kilwa Masoko na kuvuka mkondo wa kama kilomita mbili, cha kwanza kukupokea Kilwa Kisiwani ni boma la mawe lililosimama miguu majini, kuta zake zimeota ukungu wa mvua za miaka mingi. Wenyeji wanaliita Gereza, na hawamaanishi jela.

Wataalamu wa lugha hulirudisha neno hili kwa Wareno: igreja, yaani kanisa. Wareno walipojenga ngome walitenga na pa kusalia, na watu wa pwani, kwa masikio yao wenyewe, wakalichukua jina la kilichomo ndani wakaliita boma zima. Unguja jambo hili linaonekana wazi zaidi, kwani Ngome Kongwe pale Forodhani ilijengwa na Waarabu wa Omani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, nayo pia ikaitwa Gereza. Kisha ngome zikaishiwa na vita, watawala wakaona kuta nene zisikae bure. Ngome Kongwe ikafunga watu. Fort Jesus ya Mombasa ikawa jela tangu 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilikaa na wafungwa mpaka miaka ya 1980. Neno likasafiri bara na mzigo huo wa mwisho tu. Mtu wa Dodoma akisikia gereza, padri hamjii kichwani kabisa.

Kilwa ilikuwa na dhahabu, na dhahabu ndiyo iliyowaleta wageni. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga hapa akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile haikupotea: mfua dhahabu Gil Vicente aliifanya chombo cha ibada cha kifalme, akakimaliza 1506, na hadi leo kimewekwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Anayetaka kuiona dhahabu ya Kilwa basi akate tiketi ya ndege, mashua haitamfikisha.

Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi. Amiri Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, na Wareno wakaanza kujenga ngome waliyoiita Santiago. Mwaka 1512 walikwisha kuihama. Miaka saba tu! Nasema hivi kwa sababu wageni wengi huondoka hapa wakisimulia kwamba wameona "ngome ya Wareno". Walichoona, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya Waomani, iliyojengwa juu ya magofu ya Wareno karibu miaka mia tatu baadaye.

Na Waomani hawakuja kutazama machweo. Kufikia karne ya 18 dhahabu ilikuwa hadithi, na Kilwa ilikuwa ikiamka tena kwa biashara ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Biashara ya namna hiyo haikosi macho. Katika miaka ya 1780 Oman ikaitia Kilwa mkononi, na boma hili likawa kituo chake: askari, bunduki, na jicho juu ya kila chombo kinachoingia bandarini.

Ingia ndani uone jinsi lilivyopangwa. Umbo lake ni la kisanduku cha pembe nne, na minara miwili imewekwa mshazari, kila mmoja kwenye pembe inayoelekeana na ya mwenzake. Ni hesabu ya mtu asiyetaka kupoteza mawe. Kila mnara hulinda kuta mbili zinazokutana nao, kwa hiyo minara miwili inatosha kwa kuta nne, na adui anayejibanza ukutani hapati pa kujificha. Mlango ni mmoja, mzito, wa mbao za nakshi. Katikati kuna ua, na vyumba vimeegemea kuta za nje.

Inua macho uone matundu ya mraba yaliyopangwa mstari ukutani. Humo ndimo zilimolala boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba katika nyumba za mawe pwani nzima: mti wa mkoko una urefu wake, nawe unajenga hadi hapo unapoishia. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu kama ujia na vyembamba. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Yaani jengo zima limetoka baharini.

Bahari inalidai. Upande wa maji mawimbi yamekula msingi, na sehemu ya ukuta imekwenda. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini 2004, na yakatolewa humo 2014 baada ya kuta kukarabatiwa na kingo kushughulikiwa. Maji ya bamvua, hata hivyo, hayasomi orodha.

Mbele zaidi, kwenye jabali linalotazama bahari, ipo Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Jina limetokana na Kiarabu, lenye maana ya ngome, ila aliyelijenga alijali zaidi kuoga kuliko kupigana.

Jua lilipoanza kuchoma nilirudi ufukweni. Mzee wa mashua alikuwa amelala chini ya tanga, akafumbua jicho moja.

"Haya mwanangu," akasema, "wamekuachia?"