Oili ya gari la Japani haitaki kubahatisha

MAGARI mengi yanayotumiwa na familia zetu mijini yalianza kazi huko Japani. Yakishashushwa katika bandari ya Mombasa, mengi huendeshwa hadi Nairobi, na safari hiyo ndiyo mtihani wa kwanza wa oili iliyomo ndani yake.

Kutoka usawa wa bahari, gari hupanda kidogo kidogo hadi Malili, mji mdogo wa kaunti ya Makueni ulio karibu na Konza, yapata kilomita 60 kabla ya kufika Nairobi. Hapo ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kuanzia Sultan Hamud kupitia Salama, dereva hupanda akiwa nyuma ya malori yanayojikokota, jua kali, mizigo na watoto wamejaa, gia zikibadilika kila mara. Oili isiyofaa hujulikana mahali kama hapa.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo, oili ya giaboksi inaweza kuwa ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani miaka saba au minane iliyopita. Mnunuzi mwenye busara hukagua oili kabla ya safari, wala hangoji taa nyekundu iwake.

Maana ya namba

Ukiingia dukani utaona mitungi iliyoandikwa 0W-20, 5W-30 au 20W-50. Namba ya kwanza, ile yenye W, huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyofika upesi kila pembe. Namba ya pili huonyesha uzito wa oili injini ikishapata moto.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba nchi ya joto inahitaji oili nzito. Imani hiyo ilifaa enzi za Datsun na Peugeot 504. Injini za Japani za miaka ya karibuni zina njia nyembamba za oili, na nyingi zina mitambo ya kurekebisha vali inayosukumwa kwa nguvu ya oili hiyo hiyo. Ukizitilia 20W-50, oili hukawia kupanda juu unapowasha gari asubuhi, na vyuma husuguana vikiwa vikavu.

Hata hivyo, vitabu vya baadhi ya magari ya 0W-20 huruhusu 5W-30, na hueleza kwamba oili nzito kidogo yaweza kufaa kwa mwendo wa kasi au mzigo mkubwa. Kinachoamua ni kitabu cha gari, si mazoea ya gereji.

Tazama pia herufi za ubora. Zinazoanza na S ni za injini za petroli: SN ilitoka mwaka wa 2010 na SP mwaka wa 2020. Zinazoanza na C ni za dizeli. Gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye ekzosi huhitaji oili yenye majivu machache, la sivyo chujio huziba.

Giaboksi haisamehi

Injini yaweza kuvumilia kosa dogo kwa muda. Giaboksi ya otomatiki haivumilii. Oili yake hulainisha, hupoza, hupitisha nguvu za injini, na husaidia klachi za ndani kushikana. Ndiyo maana si kila oili nyekundu ni sawa. Toyota za zamani kidogo hutumia T-IV, na nyingi zilizofuata hutumia WS.

Hatari kubwa zaidi ni magari ya CVT, kama vile Nissan Note nyingi na Toyota Vitz nyingi. Giaboksi hii haina gia za kawaida. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Nissan hutumia NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, nayo Toyota ina yake. Ukitia oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, hukwaruza puli, na giaboksi yote huharibika. Gharama ya kununua nyingine yaweza kumeza karo ya muhula mzima.

Dalili ni hizi: gari kukawia kuondoka ukiweka D, injini kunguruma bila mwendo kuongezeka, mtetemo, na oili yenye harufu ya kuungua.

Kitabu ni cha Kijapani

Kitabu kikiwa cha Kijapani, au kikiwa kimepotea, usikate tamaa. Tazama kifuniko cha oili ya injini, kwani aghalabu namba huandikwa hapo. Tazama kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ikiwa kipo. Kisha nakili namba ya chesisi na maandishi ya kibati kilicho chini ya boneti au mlangoni, umpelekee muuzaji wa vipuri akutafutie oili kamili.

Huenda pia ukakuta kibandiko cha gereji ya Japani kinachoonyesha oili ilibadilishwa lini na gari likiwa na kilomita ngapi. Mwaka waweza kuandikwa kwa utawala wa mfalme: Reiwa 1 ni 2019, hivyo Reiwa 5 ni 2023. Kilomita za kibandiko zikizidi za dashibodi, jua kwamba umechezewa.

Usiliache gari gereji ukaenda zako. Nunua oili mwenyewe katika duka unaloliamini, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa, na uone ikimiminwa. Muulize fundi jina la oili ya giaboksi. Akikujibu kwamba zote ni sawa, tafuta fundi mwingine.

Hapa kwetu wengi hubadilisha oili ya injini kila kilomita 5,000. Hizo ni kama safari tano za Nairobi hadi Mombasa, kwenda na kurudi. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari na uliweke ndani ya gari. Rahisi ni ghali, na ghali hiyo hailipiki vyema ukiwa umekwama mlimani na watoto ndani ya gari.