Hisa za senti: somo kutoka Lokutu

Wandugu, katika mazungumzo yetu swali moja linarudi kila mara: hisa za kampuni ndogo, zile madalali wa mtandao wanauza kwa senti chache, namna gani ya kujua kama ziko na kesho? Sisi watu wa Tshopo hatuna lazima ya kutafuta mfano mbali. Tushuke mto tu mpaka Lokutu.

Mashamba ya mingazi ya Lokutu ni ya zamani, ya ile Huileries du Congo Belge ambayo Lever alianzisha 1911. Mwaka 2009 Unilever iliuza kampuni hiyo, sasa PHC, kwa Feronia. Mwaka 2010 hisa za Feronia zikaingia katika soko la TSX Venture kule Kanada, na kwa miaka mingi zikauzwa kwa senti. Hadithi ilikuwa tamu: ardhi zaidi ya hektari 100.000, mvua ya kutosha, na nchi inayonunua mafuta ya mawese inje. Na yote hiyo ilikuwa kweli.

Lakini miti mingi ilikuwa imezeeka. Mungazi unaopandwa leo unaleta mikungu ya kwanza kisha miaka 3 ao 4, na mavuno makubwa yanakuja nyuma ya hapo. Katika muda huo wote nani analipa mishahara, mazutu na barabara? Kuna njia mbili: kutoa hisa mpya, ao kukopa. Feronia ilifanya zote mbili. Mwaka 2013 CDC ya Uingereza iliingia na pesa, na kisha ikafikia kuwa na hisa nyingi kuliko wote. Mwaka 2015 DEG, FMO, BIO na wenzao walikubali mkopo wa dola milioni 49. Tena kulikuwa mabishano ya ardhi: mwaka 2018 jamii 9 zilipeleka malalamiko kwa DEG.

Mwaka 2020 Feronia ilishindwa na madeni, PHC ikachukuliwa na Straight KKM 2. Mashamba yalibakia. Wenye hisa za Feronia hawakubakia na kitu.

Basi, shamba linaweza kuwa na kesho, na hisa yake isiwe nayo. Mbele ya kununua, uliza:

1. Kampuni nzima inauzwa bei gani? Hisa bilioni 2 kwa senti 5 ni dola milioni 100. Senti 5 peke yake haionyeshi kama ni rahisi.

2. Pesa iliyo katika sanduku itafika miezi mingapi? Kama haifiki mavuno, hisa mpya zinakuja. Ukiwa na hisa 1 katika 100, kampuni ikiongeza 900, sehemu yako inashuka kutoka 1% mpaka 0,1%.

3. Nani analipwa mbele? Mwenye kukopesha analipwa kwanza. Mwenye hisa anakula kinachobakia, kama kinabakia.

4. Siku unataka kuuza, nani atanunua? Hisa za senti zinaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yako katika ripoti za kampuni, na la nne utaliona katika hesabu ya hisa zinazouzwa kila siku. Kama kampuni haitoi ripoti, hapo umeshajibiwa. Na pesa ya minerval ao ya nyumba isiguswe kwa kazi hii.