Kabla ya kupanda meli kwenda sherehe ya diploma

Familia nyingi za makanisa yetu huvuka Ziwa Kivu ili kumwona mtoto wao akivaa toga. Wengine wanakwenda Bukavu, kwenye UEA, iliyoanzishwa mwaka 1991. Wengine wanakwenda Goma, kwenye ULPGL, iliyoanza mwaka 1985. Tunafurahi pamoja nao. Lakini kuna familia moja ya parokia yetu ambayo tuliisindikiza, tukarudi na machozi.

Walikuwa watu kumi na mmoja, wameshona kitenge cha aina moja, na mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa. Ukumbini majina yaliitwa mpaka la mwisho. La binti yao halikusikika. Alikuwa amefaulu, lakini deni la minervali lilikuwa bado, naye aliona haya kumwambia baba yake. Bei ya vitenge vile peke yake ingelipa karibu deni lote.

Ndiyo maana tunasema swali la kwanza si nguo wala chakula. Mwite mtoto pembeni, bila watu, umuulize kwa upole: "Mama, umebakiza deni gani? Jina lako liko kwenye orodha?" Kisha aende mwenyewe ofisini kuangalia hata namna jina lilivyoandikwa. Kwetu mtu ana majina matatu, na herufi moja ikikosewa kwenye diploma, kuirekebisha ni safari nyingine ndefu.

Tena tusichanganye siku mbili. Siku ya kutangaza matokeo ndiyo ya kumwagiana poda na kuimba barabarani. Sherehe ya diploma huja nyuma, pengine baada ya miezi, na tarehe inaweza kusogezwa. Usilipe tiketi ya meli kabla chuo hakijathibitisha siku.

Jambo lingine huwachanganya wazee. Zamani mtoto alisherehekewa mara mbili: graduwa baada ya miaka mitatu, lisansi baada ya mitano. Katika utaratibu mpya wa LMD, lisansi yenyewe ni miaka mitatu. Baba mdogo asidhani mtoto ameruka madarasa!

Kadi za kuingia zikiwa chache, hapo ugomvi huanza. Sisi tunaona shangazi aliyeuza mihogo akalipa minervali ya mwaka wa pili aingie mbele ya mkubwa ambaye hakutoa hata franga moja. Waliobaki nyumbani nao wasisahauliwe: ibada ya shukrani siku ya Mungu ndiyo sherehe yao, na soda chache zinatosha. Wadogo zake bado wanangoja minervali.

Yule binti alikuja kupewa diploma yake ofisini, bila toga, deni lilipokwisha. Siku ya Mungu iliyofuata alisimama mbele ya kanisa na familia yake, wote kumi na mmoja wamevaa kitenge kile kile, na baba yake ndiye aliyeshika diploma.