Sura ya Tatu: Jiwe Kwanza, Kisu Baadaye

Naro Moru iko magharibi mwa Mlima Kenya, kwa hiyo jua huchelewa kuufikia mji, na kazi nyingi za kisu huanza kabla halijachomoza nyuma ya kilele. Kuna kamba ya nailoni kwenye mdomo wa gunia la viazi. Kuna mpira wa kumwagilia uliopasuka, robota la nyasi lililofungwa kwa katani, kwato ya kondoo iliyorefuka. Wapagazi wanaojiandaa kwenda lango la mbuga hukata mikanda ya mizigo iliyozidi na kufungua pakiti za chakula cha wageni. Panga ni kubwa mno kwa shughuli hizi, na kisu cha jikoni hakibebeki mfukoni bila kumdhuru mwenyewe. Kinachofaa ni kisu kidogo cha kukunja, na sura hii ni ya mtu anayenunua chake cha kwanza.

Shauri langu kwake ni hili: kabla hujauliza bei ya kisu, amua utakinoa kwa jiwe gani. Hakuna kisu kisichopoteza makali. Vya huku kwetu huwa butu upesi zaidi, kwa sababu gunia la viazi limeshika udongo, na udongo una chembe za mchanga zinazokwangua chuma kila unapokata. Anayenunua kisu ghali asichoweza kukinoa atabeba chuma kisichokata. Chuma kisichokata humlazimisha mtu kukandamiza, na anapokandamiza ndipo kisu huteleza kikamwingia kidoleni.

Ugumu wa feleji hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya Victorinox, vile vyekundu vya Uswisi, viko kwenye 55 au 56 hivi. Huo ni ugumu wa wastani: makali hayadumu sana, lakini jiwe la kawaida huyarudisha kwa dakika chache. Visu vya kifahari vinavyosifiwa Marekani na Ulaya mara nyingi hupita 60, na feleji ya baadhi yake imetiwa vanadi, ambayo hujenga ndani ya chuma chembe ngumu kuliko punje za jiwe la kawaida. Unasugua, jiwe linalika, kisu kinabaki vilevile. Visu hivyo vinadai kinoo cha almasi. Ukiwa nacho, nunua upendacho. Lakini kama kinoo chako ni lile jiwe la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, basi tafuta feleji ya wastani wala usione umepungukiwa.

Nitavitaja visu viwili kwa majina kwa sababu vinafundisha. Cha kwanza ni Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, eneo la milima la Ufaransa. Namba 8 ndiyo inayoenea mkononi: bapa lake la chuma lina urefu wa sentimita 8.5, mpini ni wa mti, na tangu 1955 kina pete inayozungushwa kufunga kisu kisijikunje. Kipo cha chuma cha kaboni na kipo kisichoshika kutu. Kile cha kaboni hunoleka kwa urahisi wa ajabu, ila ukimenya chungwa ukakirudisha mfukoni bila kukipangusa, kesho utakikuta kimebadilika rangi, na kesho kutwa kina kutu. Kwa mkulima wa Naro Moru ninakipenda kuliko vyote. Kwa mpagazi nina shaka nacho. Njia ya Naro Moru ikishapita kituo cha Met Station, mita 3,050, huingia kwenye kinamasi cha mteremko mkali ambacho kila aliyekipanda anakikumbuka, na kuanzia hapo hadi Mackinder's Camp, mita 4,200, unyevu hauachi kitu. Mti wa mpini hunywa maji, huvimba, hukibana kisu, nawe una vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ukijaribu kukichomoa.

Mpagazi abebe Victorinox. Mpini wake wa plastiki haujali mvua, na chuma chake hakishiki kutu ovyo. Kasoro yake ni kwamba vile vidogo vingi havina kufuli: ukisukuma kwa ncha, kisu kinaweza kujikunja juu ya vidole. Basi usisukume kwa ncha. Kata kwa kuvuta.

Visu visivyo na jina, vinavyopangwa juu ya turubai siku ya soko, navyo si vya kudharau vyote. Kifungue, ukamate ncha kwa tahadhari, ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza, msumari wa kiungo umelegea na utazidi kulegea. Funga kufuli, kisha gonga mgongo wa kisu polepole juu ya meza. Kufuli likiachia, rudisha kisu. Mwenye kibanda akikuruhusu, gusa chuma kwa tupa karibu na mpini. Tupa hukwama na kula chuma laini, lakini huteleza juu ya feleji iliyopikwa vizuri. Jaribio hilo dogo linaeleza mengi kuliko maandishi yaliyochapwa kwenye kisu.

Na tusisahau kwamba ufundi huu haukuletwa kwenye sanduku. Wahunzi Wagikuyu walikuwa wakiosha mchanga wa mito, wakitenga chembe za chuma na kuziyeyusha kwa makaa. Jomo Kenyatta aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938. Leo fundi wa jua kali anaanzia kwenye springi ya lori. Ni chuma kigumu chenye kaboni, kinachopinda bila kuvunjika, na ndiyo maana panga na visu vya springi vinaheshimika. Visu hivyo kwa kawaida havikunjwi, vinahitaji ala, lakini kwa kunoleka vinashinda vingi vya dukani.

Kuhusu sheria, usibebe kisu matatuni au mjini kwa namna ya kutisha. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu anayekutwa na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa la jinai, na adhabu yake huanzia kifungo cha miaka 7. Kisu kifupi, kilichokunjwa, kikiwa pamoja na vifaa vya kazi yako, hakina sababu ya kukuweka mashakani. Kwenye mkutano wa siasa au baa, kiache nyumbani kabisa.

Sasa tunoe.

Loweka jiwe kwenye maji na uliweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Lolote lililokwisha kutiwa mafuta liendelee na mafuta. Lako jipya lianze na maji, kwani maji yapo kila mahali. Unataka makali ya nyuzi 20 kila upande. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 2, hiyo ni kuinua mgongo wake milimita 7 hivi kutoka kwenye jiwe, huku makali yakigusa. Huamini macho yako? Paka wino wa kalamu nene pembeni mwa makali, sugua mara mbili, kisha tazama. Wino ukifutika juu tu, mbali na makali, umelaza kisu mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali pekee, umekiinua mno.

Sukuma kisu makali yakitangulia, kana kwamba unataka kukata kipande chembamba cha jiwe lenyewe. Anzia karibu na mpini, malizia kwenye ncha, na unapofika penye mviringo inua mpini kidogo ili makali yaendelee kugusa. Kaa upande huohuo. Hapa ndipo wanaoanza hupotea: husugua mara chache kushoto, mara chache kulia, wanageuza na kugeuza, na baada ya nusu saa kisu kiko vilevile. Usigeuze kabla hujaupata ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili. Utafute kwa kidole gumba, ukikitoa kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kukipitisha kando ya makali. Utahisi kitu kinakwaruza. Kikiwa kinakwaruza kuanzia mpini hadi ncha, bila kuruka mahali, chuma cha upande huo kimefika kwenye makali. Ndipo ugeuze na ufanye vivyo hivyo.

Kisha hamia upande laini wa jiwe. Punguza nguvu ya mkono, sugua zamu kwa zamu, moja huku moja kule, hadi ukingo ule udhoofike usihisike tena. Malizia kwenye mkanda wa ngozi uliovutwa ukakazika, safari hii ukivuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia, la sivyo utaukata mkanda. Asiye na jiwe laini anaweza kugundisha msasa wa maji, namba 800 au 1000, juu ya kioo. Kwa kupitisha mwishoni tu, duara lisilong'arishwa chini ya kikombe cha udongo hufanya kazi nzuri.

Mawe ya mto Naro Moru, yale ya volkano iliyozimika, hutosha kwa panga, ambalo makali yake ni manene na halidai usahihi. Kisu kidogo kinataka uso bapa. Jiwe la mto lina mgongo, na pembe hubadilika kila unaposogea.

Jaribu kisu kwenye ngozi ya nyanya. Kikiingia kwa uzito wake tu, umemaliza. Kipanguse, na kama ni cha kaboni kipake tone la mafuta ya kupikia.

Mnoa visu wa baiskeli, anayekanyaga pedali jiwe likizunguka, mpe visu vyako vya jikoni bila hofu. Jiwe lake huenda polepole na halichomi chuma, hasa akilinyunyizia maji. Grainda ya umeme kwenye kibanda cha kuchomelea ni jambo jingine. Kwa sekunde chache tu makali membamba hupata joto kupita kiasi, chuma kinageuka rangi ya majani makavu, halafu zambarau, halafu buluu, na kwenye karibu nyuzi joto 300 ugumu wake umekwenda. Kisu hicho kitanoleka jioni na kuwa butu asubuhi. Ikishakutokea hivyo, usikitupe. Rudi kwenye upande wa kukwaruza wa jiwe lililolowa, usugue bila haraka mpaka sehemu yote yenye rangi iishe na uifikie feleji nzima nyuma yake, kisha uanze upya kwa nyuzi 20. Kitapungua upana kwa milimita moja au mbili, na kitakata tena.